Usingoje Nyumba Mpya, Tengeneza Hii

Siku moja mvua kubwa ilinikuta njiani katika vilima vya Machakos, nikakimbilia kujikinga katika boma la mkulima mmoja ambaye sote kijijini twamsifu. Shamba lake ni zuri kweli. Mitaro yake ya fanya juu imenyooka, udongo umetupwa upande wa juu kama inavyotakiwa, na nyasi za ng'ombe zimepandwa juu ya kila tuta. Hata mvua inyeshe namna gani, maji hayaondoki na udongo wake.

Lakini nilipokuwa nimesimama barazani nikaona jambo la ajabu. Maji ya paa yalikuwa yakianguka chini kwa kishindo, yakakusanyika mbele ya mlango, yakafanya kijito chekundu. Kijito kile kikapita kando ya jiko, kikapita kando ya banda la kuku, kikateremka moja kwa moja mpaka kwenye mtaro wa kwanza, nao ulikuwa umeanza kubomoka. Wakati huo huo binti yake aliingia amelowa chapachapa, na mtungi wa maji mgongoni. Alikuwa ametoka mtoni kuteka maji, na mvua yanyesha!

Sikumwambia mwenye boma neno, maana mgeni hasemi vibaya nyumba iliyomkinga na mvua. Tena mimi mwenyewe nilikuwa na kosa kama lake, pengine lililo baya zaidi. Nilikwenda nyumbani nikifikiri: Sisi wakulima twajua kuzuia maji shambani, kwa nini hatujui kuyazuia mlangoni? Mtaro twachimba kwa mikono yetu, wala hatungoji fedha. Kwa nini nyumba ndiyo tuingojee fedha na fundi?

Maoni yangu ni haya, na naomba wasomaji wayafikirie kabla ya kuyakataa. Nyumba ni sehemu ya shamba. Yatupasa kuitengeneza kwa mikono yetu wenyewe, kidogo kidogo kila mwaka, kama tunavyolima. Mkulima anayeacha nyumba yake mbovu kwa sababu anangoja kujenga nyingine mpya, mbovu ile inamla mavuno yake kila mwaka, na ile mpya haiji.

Nasema hivi kwa kuwa yamenipata. Nilipooa nilichimba msingi wa nyumba ya mawe, vyumba vitano. Msingi ule ulikaa miaka kumi na miwili. Nyasi zikaota, mijusi ikakaa, watoto wakaufanya mahali pa kuchezea. Kila aliponiambia mke wangu kwamba bati la chumba cha mahindi limetoboka, nilimjibu, "Tutahama hapa, kwa nini nitie fedha katika nyumba ya kuhama?" Tundu lenyewe lilikuwa dogo, kidole hakipiti. Kulitengeneza kungenichukua nusu ya siku, kwa kipande cha bati, misumari michache na lami kidogo. Lakini wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwaka mmoja tulivuna vizuri, tukaweka magunia kumi na moja katika chumba kile. Mvua za Novemba zikanyesha. Tulipofungua magunia yaliyokuwa chini ya tundu, manne yalikuwa yamefanya ukungu, mengine rangi ya kijani, mengine ya kijivu. Mama yangu, ambaye ameona njaa nyingi, alikaa chini akaanza kuchambua punje moja moja. Akasema, "Mwanangu, chakula hakitupwi. Tutayaosha, tutayaanika, tutayasaga." Mke wangu akakataa. Hakukataa kwa maneno mengi, aliliondoa ungo tu mbele ya mama mkwe wake kwa heshima, akaniangalia mimi.

Alikuwa na haki. Sisi watu wa upande huu hatujasahau mwaka 2004. Mwaka huo, huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa ajili ya kula mahindi yenye sumu ya ukungu, sumu iitwayo aflatoksini. Mengi ya mahindi hayo hayakutoka mbali. Yalikuwa ni mahindi ya mashamba yao wenyewe, yaliyowekwa nyumbani yakiwa na unyevu. Sumu hiyo haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika. Ng'ombe akila mahindi hayo, sumu yaweza kufika katika maziwa. Basi tulichimba shimo tukazika magunia manne, na mama akageuka asitazame. Fedha tulizonunulia mahindi mengine zilikuwa ni karo ya kijana wetu, naye akakaa nyumbani muhula mzima. Hiyo ndiyo bei ya tundu lisilopitisha kidole.

Tangu siku ile niliacha kuzungumza habari za vyumba vitano. Nilinunua nyundo, msumeno, koleo, mkasi wa kukatia bati, mwiko wa kupigia lipu, na pima maji. Vyombo hivi sikununua kwa siku moja, nilinunua kimoja kila nilipouza mbuzi au kreti ya nyanya. Naona mkulima mwenye vyombo hivi sita amejitosha kwa kazi nyingi za nyumbani. Tena asingoje vilivyo vizuri kabisa. Mchagua jembe si mkulima.

Sasa wengine watauliza, tuanze na kazi gani? Hapa ndipo sisi wanaume twakosea. Mwanamume akipata fedha kidogo, huanza na lango la chuma, au hupaka rangi upande wa mbele unaoonekana barabarani. Mimi nasema, anza na ile kazi itakayopunguza taabu ya nyumba. Na ukitaka kujua taabu hiyo ni ipi, muulize mama wa nyumba, maana yeye ndiye anayeibeba. Kwangu nilipouliza, nilijibiwa kabla sijamaliza kusema: maji.

Basi tufanye hesabu. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba, hutoa lita moja ya maji. Paa la nyumba yenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 5 ni mita 30 za mraba. Mahali panapopata milimita 600 za mvua kwa mwaka, paa hilo hupokea lita 18,000. Tuseme sehemu moja katika tano yapotea kwa kuruka na kumwagika; zabaki lita 14,400. Hiyo ni mitungi 720 ya lita 20. Kama safari ya mtoni ni saa moja kwenda na kurudi, ni saa 720 katika mwaka ambazo mama na binti zake wanazitumia kwa kufuata maji yaliyokuwa yameshafika mlangoni kwao.

Kweli, tangi dogo la lita 1,000 haliwezi kuweka maji hayo yote. Lakini angalia: paa hilo hilo, likipata milimita 42 tu za mvua, tangi limejaa. Mvua mbili tatu nzuri zinatosha. Tumia, lijae tena. Na katika majira ya mvua hakuna atakayekwenda mtoni.

Mfereji wa paa, au gata kama tunavyoiita sokoni, si kazi ngumu. Bati bapa hukatwa vipande virefu, hukunjwa juu ya ubao wenye ukingo mnyoofu, kisha hushikwa kwa waya au vyuma vilivyopigiliwa katika ubao wa mwisho wa paa. Jambo kubwa ni mteremko. Kwa kila mita moja, mfereji ushuke sentimita moja kuelekea kwenye tangi. Mfereji wa mita 6 utashuka sentimita 6. Ukiuweka sawasawa kama meza, maji yatalala ndani, majani yataoza na mbu watazaliana. Kwa hiyo vuta uzi kwanza, upime, ndipo upigilie. Mimi sikuvuta uzi mara ya kwanza. Maji yalikwenda upande usio na tangi, watoto wakacheka, nikabomoa nikaanza tena. Hapana aibu. Bati lilikuwa langu na siku ilikuwa yangu.

Weka wavu mwembamba mahali maji yanapoingia ndani ya tangi, na kifuniko kizuri juu. Maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yaache yaende zake, maana yanaosha vumbi na mavi ya ndege. Ya kunywa yachemshwe. Na maji yanayozidi tangi usiyaache yachimbe tena mbele ya mlango. Yachimbie mfereji mdogo uyapeleke kwenye migomba au kwenye bustani ya sukuma wiki. Hapo utakuwa umefanya nyumbani kazi ile ile uliyofanya shambani.

Kazi ya pili ni ghala. Mahindi yasilale chumbani pamoja na watu. Ghala dogo la miti na fito, lenye kuinuliwa mita moja kutoka chini, lasimamishwa na majirani kwa siku chache. Sisi Wakamba tuna mwethya, kazi ya kusaidiana, na kila kabila lina jina lake kwa jambo hili. Katika kila nguzo vesha kofia ya bati iliyoelekea chini, chini kidogo ya sakafu, itokeze sentimita 25 hivi kila upande. Panya akipanda atafika hapo ashindwe. Lakini kofia hazifai kitu kama umeegemeza ngazi pale usiku kucha, au kama ghala limesimama karibu na mti au ukuta. Panya hatapanda nguzo kama waweza kumrahisishia kuruka.

Paa la ghala litokeze sana ili mvua ya upepo isiingie. Kabla ya mavuno mapya, toa yote ya zamani, fagia, ziba nyufa, na uangalie miti ya ghala yenyewe. Yule mdudu dumuzi hula mahindi, na huweza pia kujificha ndani ya mbao. Na tusidanganyane: hakuna ghala wala mfuko usiopitisha hewa utakaoponya mahindi yaliyowekwa yakiwa mabichi. Yakauke kwanza. Njia rahisi ya kupima ni hii: twaa chupa kavu ya kioo, tia punje za mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, kisha acha itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu, yarudishe juani. Wala usiyaanike juu ya udongo mtupu, tandika turubai.

Kazi ya tatu naiita ya mwisho, lakini pengine ndiyo itakayookoa nyumba nzima. Ni banda la vyombo. Siku hizi vijana wetu wengi wana pikipiki, na wengine tuna pampu ya maji inayokwenda kwa petroli. Usiku vitu hivi hulazwa wapi? Katika chumba wanamolala watu, kwa kuogopa wezi. Nimeingia nyumba moja nikaona pikipiki imeegemezwa kitandani, dibwi la petroli chini yake, na koroboi yawaka mezani. Nilitoka nje upesi. Jambo hili si la mzaha. Petroli hutoa mvuke usioonekana, na mvuke huo ukikutana na moto mdogo tu, nyumba imekwisha.

Banda la kuegemea ukuta latosha. Nguzo nne, mabati manne au matano, kuta za mbao au mabati ya zamani, mlango wenye komeo na kufuli nzuri. Ukitaka wezi wasikusumbue, funga pikipiki kwa mnyororo kwenye nguzo iliyosimikwa kwa simiti. Acha nafasi juu ya ukuta ili hewa ipite. Usiwashe injini mlango ukiwa umefungwa, maana moshi wake huua watu bila kelele. Piga misumari ukutani ili kila chombo kiwe na mahali pake: jembe hapa, panga hapa, koleo hapa. Jembe lililopanguswa na kupakwa mafuta kidogo halitaliwa na kutu. Dawa za kunyunyizia mimea zipate sanduku lao lenye kufuli, mbali na mahindi na mbali na watoto, wala zisihamishwe kutoka chupa zake hata siku moja. Chupa ya soda yenye dawa ndani ni mtego kwa mtoto.

Najua yatakayosemwa. Wa kwanza atasema, "Mimi si fundi." Ndugu yangu, hata mtaro wa kwanza ulipochimba hukuwa fundi. Ulionyeshwa, ukakosea, ukarudia. Wa pili atasema, "Sina wakati." Lakini kati ya kuvuna na kulima kuna majuma ambayo twayajua wote, na twajua pia twakaa wapi majuma hayo. Wa tatu atasema, "Fundi naye ale wapi, tukijifanyia kila kitu?" Huyu ana neno, nami namjibu kwa heshima. Fundi hatakosa kazi. Mtu aliyeonja faida ya mfereji mdogo ndiye atakayemwita fundi kujenga tangi kubwa. Aliyekaa miaka kumi na miwili akitazama msingi hamwiti mtu yeyote.

Tena zipo kazi ambazo hatupaswi kuzigusa, na lazima niseme wazi. Stima ni ya fundi mwenye cheti. Waya uliounganishwa gizani na kijana wa jirani umechoma nyumba za watu. Shimo refu la kisima au choo lisichimbwe na mtu mmoja asiyejua namna ya kuzuia kuta, kwa maana udongo huanguka. Mabati ya zamani ya asbesto, ambayo Serikali ilipiga marufuku mwaka 2006, usiyakate, usiyatoboe, wala usiyavunje. Vumbi lake huharibu mapafu. Kinga maji yako kwenye paa jingine, na uliza ofisini namna ya kuyaondoa.

Na tangi la simiti, ukiwa hujapata kulijenga, lifanye pamoja na mtu anayejua. Langu la kwanza nilijenga peke yangu kwa kiburi. Mchanganyo ulikuwa sawa, sehemu moja ya simiti kwa tatu za mchanga safi wa mto. Lakini nilipomaliza niliondoka nikaenda zangu sokoni, jua la Februari likalikausha kwa siku mbili. Likapasuka kutoka juu mpaka chini. Baadaye mwashi mmoja mzee aliniambia kwamba simiti haikomai kwa kukauka, hukomaa kwa kunyweshwa. Ifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa, imwagiwe maji asubuhi na jioni, siku saba zisipungue. Mzee yule nilimlipa kunisaidia kujenga la pili, nami nilikuwa msaidizi wake. Fedha nilizomlipa zilikuwa karo yangu ya shule. Tangi lile bado limesimama.

Sisemi kwamba nyumba ya mawe ni mbaya, au kwamba mtu asitamani kilicho bora. Ule msingi wangu haukupotea. Nusu yake ndiyo iliyokuwa sakafu ya ghala la magunia, na juu yake sasa kuna mabati mazuri yenye mfereji. Vyumba vitano havikuja. Lakini mahindi yetu ni makavu, mke wangu haendi mtoni mvua inaponyesha, na kijana aliyekosa muhula amemaliza shule. Mama yangu alipokuwa hai alipenda kukaa chini ya mfereji ule mvua inapoanza, akisikiliza maji yakiingia tanganini. Alisema ni sauti ya mtu anayeleta maji bila kutumwa.

Basi, ndugu wakulima, kabla ya mvua zijazo nawaomba jambo moja tu. Mvua ya kwanza ikinyesha, usijifungie ndani. Simama barazani utazame maji ya paa lako yanakwenda wapi. Kisha ingia ghalani uinue macho, uone kama mwanga wa jua huingia mahali usipotakiwa. Halafu muulize mama wa nyumba swali lile nililokawia kuliuliza mimi. Ukishapata majibu hayo matatu, utajua nyundo ianzie wapi.